Hospitali zikitangaza vifo zitaje na idadi ya waliotibiwa, asilimia tupu zinatupoteza!

Wakuu, hivi "vifo 5%" ina maana gani kama hatuambiwi ni 5% ya wangapi? Mmoja kati ya 20 ni 5%. Hamsini kati ya 1,000 ni 5% vilevile. Lakini kitakwimu idadi ndogo huyumbishwa na bahati, hivyo kiwango halisi cha hospitali ya kwanza kinaweza kuwa popote kati ya 0.1% na 25%. Cha hospitali ya pili ni kati ya 3.7% na 6.5% hivi. Halafu zinapangwa mstari mmoja, eti zimelingana! Na anayejitapa kwa sifuri kati ya wagonjwa 30, sifuri hiyo bado inaruhusu kiwango cha hadi karibu 10%.

Kosa lenyewe ni la zamani. Mwaka 1863 Florence Nightingale, muuguzi maarufu wa Uingereza, alichapisha jedwali lililozipa hospitali 24 za London vifo zaidi ya 90%, kwa sababu vifo vya mwaka mzima viligawanywa kwa wagonjwa waliokutwa wodini siku moja tu. Alishambuliwa vikali. Leo bado tunafichwa kigawanyo, yaani idadi ya waliotibiwa!

Kuna na suala la siku. Mgonjwa akiruhusiwa siku ya sita, akafia nyumbani siku ya tisa, rejista inasema "ameruhusiwa, ana nafuu". Akipewa rufaa akiwa mahututi, kifo kinaangukia waliompokea. Hesabuni siku 30 tangu alazwe, popote atakapofia.

Maambukizi ya kidonda cha upasuaji ndiyo yanayoniudhi zaidi. Mengi hujitokeza mgonjwa akiwa ameshatoka, ndiyo maana hufuatiliwa siku 30, na hadi 90 akiwekewa vyuma au kiungo bandia. Hospitali inayowapigia simu wagonjwa wake inayaona mengi, isiyofuatilia inaona machache, na jedwali linamsifu mzembe!

Uzito wa hali za wagonjwa nao uwekwe kwenye hesabu. Hospitali yenye vifo 60 pale vilipotarajiwa 75, kulingana na hali za wagonjwa wake, imefanya kazi nzuri kuliko yenye vifo 30 pale vilipotarajiwa 20, hata kama zote zilitibu watu 1,000. New York wanachapisha upasuaji wa moyo kwa mtindo huu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo msituambie haiwezekani. Ila mafaili yakaguliwe na watu wa nje, maana ukimwandikia mgonjwa kisukari na figo asivyokuwa navyo, vifo "vinavyotarajiwa" vinapanda na wewe unaonekana hodari.