Kaniuzia "kitabu" cha asembla, nafungua nakuta UKURASA MMOJA MTUPU!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mods, naomba msiunganishe uzi huu na ule wa mafundi simu, haya ni mambo mengine kabisa.

Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye "kila kitabu cha chipu kilichowahi kuchapwa duniani", ukimpigia anakuuliza kwanza unataka cha mwaka gani. Huyo huyo. Leo saa nane mchana kanitumia PDF niliyomlipia elfu thelathini. Nafungua. UKURASA MMOJA. Katikati kuna mstari wa Kiingereza unaosema ukurasa huu umeachwa wazi kwa makusudi. Basi. Nikashuka chini, hakuna. Nikapanda juu, hakuna. Elfu thelathini!

Mkasa wenyewe ni huu. Mama mmoja wa Kibaha ana mashine ya kutotolea vifaranga, ubongo wake ni PIC16F84A, kale kachipu ka pini 18. Kamekufa. Fundi aliyeiunda alishatangulia mbele za haki, ila aliacha CD yenye kodi, yaani maelekezo ya programu ya chipu, na kodi ni nzima, nimeipitia: CBLOCK 0x0C ya kupanga RAM, relei ya hita, feni, muda wa kugeuza mayai, vyote vimo. Imeandikwa kwa MPASM, asembla ya zamani ya PIC, ile programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya chipu. Nikaitia kwenye MPLAB X mpya, programu ya kuandalia kodi za PIC, nikijua dakika tano nimemaliza. Ikatema makosa mpaka nikahisi inanitukania ukoo. Kumbe tangu toleo 5.40 la mwaka 2020 MPASM waliing'oa, wakaweka asembla nyingine, pic-as, nayo inataka PSECT na mambo yake mengine. Kodi ya marehemu haiitambui kabisa.

Nikasema nitafute kitabu cha MPASM, nijue kila neno la zamani lilikuwa linafanya nini, ndipo nihamishe. Yule bwana akaniambia, "Ninacho, kurasa mia tatu na kitu, hata Wazungu wananiomba." Mia tatu! Nimeletewa mmoja, na huo mmoja mtupu!

Nikampigia. Akapokea huku anatafuna. "Kijana, umesoma kilichoandikwa?" Nikamwambia kimeandikwa pameachwa wazi makusudi. "Sasa si umeelewa? Fundi wa kweli hahitaji kitabu." AKAKATA.

Fundi wa kweli hahitaji kitabu! Kachipu kana RAM ya baiti 68, ukikosea biti za osileta, zile za kuchagua mapigo ya chipu, tu kristali haiamki, halafu nisihitaji kitabu? Mayai 500 yako ndani, leo siku ya 12. Yule mama anawasha na kuzima hita kwa mkono usiku kucha, kipimajoto amekifunga kwenye kanga asije akakikalia. Na mimi niko hapa nakodolea macho UKURASA MMOJA.

Relei Kavu: Siti ya mbele. Kahawa ije.

mwana_bodi: Hilo ni toleo jepesi mkuu, halijazi simu 😂😂

Mama Soda: Huyo bwana mimi aliniuzia CD ya vitabu vya chipu za 8051. Kuweka, taarabu. Tena imekatikakatika.

Koili Imeungua: Mleta uzi nawe umeyataka. Elfu thelathini kwa kitu kinachogawiwa bure? Vitabu vya hawa Microchip, watengenezaji wa PIC, hutafuti kwa jina, unatafuta kwa namba. Cha MPASM ni DS33014. Datashiti ya chipu yako ni DS35007. Halafu achana na habari za kuhamisha kodi, shusha MPLAB X 5.35, MPASM bado imo humo humo. Kodi ya marehemu itapita bila kugusa herufi.

Mleta uzi: Mkuu ubarikiwe, nashusha sasa hivi. Lakini jamani, UKURASA MMOJA?

Mzee wa HC11: Nyie wa PIC mnadeka. Mimi nina chipu ya 68HC11. Ilikuwa ya Motorola, 2004 wakahamishia Freescale, 2015 ikaangukia NXP, na kila wakihama viungo vyote vinakufa. Vitabu vyangu navifukua Wayback Machine, ile tovuti inayotunza kurasa za zamani, kama nafukua kaburi.

Kijana wa Luthuli: Mzee, afadhali wewe. Programa yangu, kifaa cha kuchomea kodi kwenye chipu, inataka lile tundu la printa la zamani. Laptopu mpya hazina. Nikanunua waya wa kugeuza USB, bure kabisa, kwa sababu programa inataka kuchezea pini moja moja na huo waya unajua printa peke yake. Nina kompyuta ya Windows XP naitunza kama bibi harusi, hata watoto hawaisogelei.

Relei Kavu: Hiyo XP unauza?

Kijana wa Luthuli: Siuzi.

Relei Kavu: Nakodi basi. Siku moja tu.

Kijana wa Luthuli: Ndugu yangu, NIMESEMA SIUZI NA SIKODISHI.

Mzee wa HC11: Wenye XP siku hizi mmekuwa na nyodo kuliko wenye nyumba za kupangisha.

Mleta uzi: Imekubali! 5.35, makosa sifuri! Nachoma chipu mpya sasa hivi, usiku huu huu naipeleka Kibaha. Koili, Mungu akupe maisha marefu. Ila yule bwana simsamehi. Angesema tu hana!

mwana_bodi: Kasema pameachwa wazi makusudi mkuu. Hakukudanganya 😂

Binti wa Mlandizi: Samahani kaka zangu, hayo mayai ni ya kienyeji au ya kroila?

Mama Soda: Kroila njoo PM, ninao wa wiki mbili, wameshachanjwa.

Mleta uzi: Jamani, uzi huu ni wa UKURASA MMOJA!

Binti wa Mlandizi: Nimeona kaka, pole sana. Mama Soda, mia moja unaniwekea bei gani?