Naomba ushauri: niache idara ya madai ya bima niwe mshauri mwelekezi?

Mkazi wa Tabata: Ndugu zangu, habari za jioni. Nimefanya kazi miaka 8 katika kampuni moja ya bima hapa Posta, mitano kwenye madai ya magari na mitatu kwenye bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima yenyewe hukata kwa kampuni nyingine. Sasa nimepata nafasi katika ofisi ya ushauri elekezi inayohudumia benki na kampuni za bima. Mshahara unazidi wa sasa, ingawa mkataba ni wa miaka 2 tu, nami nina mke na watoto wawili. Kinachoninyima usingizi ni hiki: mtu ambaye hajawahi kuongoza hata idara atamshauri nini mkurugenzi aliyekaa kwenye bima miaka 25?

Dada wa Upanga: Kaka, nimeifanya kazi hiyo miaka 11. Mkurugenzi huita washauri pale anapokuwa na jambo ambalo watu wake hawana nafasi ya kulifanya. Chukua IFRS 17, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mikataba ya bima, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023: mikataba ya bima hupangwa katika makundi ambayo ndani yake tarehe za kutolewa mikataba hazipishani kwa zaidi ya mwaka mmoja, faida hutambuliwa kadiri huduma inavyotolewa, na hasara ya mikataba mibaya huandikwa papo hapo. Kwa mteja mmoja tulikuta tarehe ya ajali na tarehe ya kuripotiwa zimechanganywa katika safu moja, na hesabu za bima mtawanyo ziko kwenye kompyuta ya mtu aliyekuwa likizo. Vijana waliotoka chuoni walinishinda kwa kuandaa slaidi, lakini hawakujua wamuulize nini karani wa madai. Wewe unajua.

Mstaafu Mbezi: Naomba nitofautiane kidogo na dada. Mimi niliacha mwaka wa tatu, baada ya ripoti yetu kuhusu benki iliyotaka usajili wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kuwa wakala wa bima kulipiwa yote, kisha ikafungiwa kabatini. Kama huwezi kuvumilia hilo, baki ulipo. Vilevile, angalia kama mkataba unakuzuia kuajiriwa na wateja wao ukiondoka, kwa sababu soko letu ni dogo.

Nyuki: Jiandae pia kwa ndugu. Nikisema nashauri kampuni za bima, shemeji huniuliza bei ya stika ya bima ndogo ya gari lake.

Mkazi wa Tabata: Nashukuru sana. Mzee, nimeusoma tena na kifungu kipo: miezi 12 kwa mteja yeyote niliyemhudumia. Ninasaini Ijumaa. Nikiomba ipunguzwe iwe 6, sitaonekana mkorofi?

Dada wa Upanga: Omba, tena kwa maandishi. Mimi walikiondoa kabisa.