Kikundi cha Familia: Wana na Wajukuu wa Mama Albertine

Odette, saa 12:40 jioni
Hamjambo wapendwa. Kama mjuavyo, misa ya ukumbusho wa Mama itasomwa Jumamosi hii, na padri ametuomba ukurasa mmoja kuhusu maisha yake, utakaosomwa kabla ya baraka ya mwisho. Nimekwisha kuandika habari za kuzaliwa kwake Bukama, kuolewa kwake, na kuja kwake katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi, Union Minière, wakati mji wetu wa Lubumbashi ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville. Kinachobaki ni miaka ya ugonjwa wake wa kusahau. Namwomba kila mmoja aniandikie jambo moja analolikumbuka kwa furaha.

Didier, saa 12:58 jioni
Yaya Odette, dada yangu mkubwa, nakusalimu. Mimi ningependa miaka hiyo tuiruke. Mama alijua bei ya kila kitu katika soko la mtaa wa Kenya hapa mjini na jina la kila mtoto wa barabara yetu, na huyo ndiye ningetaka watu wamsikie kanisani. Sioni faida ya kuwakumbusha mwanamke aliyevaa kiatu kimoja na kumtafuta marehemu Papa, baba yetu, chini ya kitanda. Tena wapo majirani waliosema maneno mabaya wakati ule, na baadhi yao watakuwa wameketi mbele yetu.

Mama Mdogo Suzanne, saa 1:15 jioni
Didier, mwanangu, huyo aliyevaa kiatu kimoja ni dada yangu, na nilicheka naye miaka ile kuliko wakati wowote tulipokuwa sote wawili na akili zetu kamili. Kambini hatukuwa na nafasi ya kucheka, maana kulikuwa na watoto wachanga, foleni ya posho, na waume waliofanya kazi kwa zamu.

Mnakumbuka alivyokuwa akiamka kabla ya mapambazuko kumtayarishia baba yenu gamela yake, chombo cha chakula cha kazini. Mgeni mmoja alipomweleza kwamba mume wake alikwisha kufa zamani, alilia kama aliyepata habari hiyo kwa mara ya kwanza, na baada ya usingizi mmoja hakukumbuka tena kwamba aliambiwa. Hapo niliwakatazeni wote kumpa habari hiyo, kwa sababu sikuona kwa nini awe mjane mpya kila asubuhi. Nilimuuliza tu, "Leo Papa yuko zamu gani?" Akisema ya usiku, basi Papa amelala na watoto wasipige kelele. Akisema ya asubuhi, tulifunga bukari, yaani ugali, na samaki katika gamela, na jua lilipopanda tuliila sisi wawili, naye akanieleza kwamba mume wake ana bahati ya kuoa mwanamke anayejua kupika.

Nadège, saa 1:27 jioni
Jambo bibi yangu, Kambo Suzanne, jambo wote. Mimi nakumbuka maharagwe. Baada ya shule tulimtandikia Kambo Albertine mkeka barazani, tukamwekea ndoo ya maharagwe mekundu na meupe yaliyochanganyika, naye akayachambua na kuyagawa kwa mafungu kama posho ya kampuni, yaani fungu la baba, fungu la mama, kisha mafungu madogo kulingana na idadi ya watoto. Kila aliyepita alipaswa kutaja jina lake na idadi ya watoto wake. Siku moja nilidai kwamba nina watoto wanane. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, mimi na sare yangu ya shule, akasema kwamba karani wa posho anaweza kuwa mzee lakini si mjinga.

Usiku, alipokuwa amelala, niliyachanganya tena yote katika ndoo ile ile. Hakuna mtu aliyenituma kufanya hivyo. Nilikuwa nimeona kwamba siku asipokuwa na kazi mikononi huzunguka kutoka chumba hadi chumba akiuliza kwao ni wapi, na siku za maharagwe haulizi.

Odette, saa 1:34 jioni
Kumbe ni wewe! Nilikuwa nikimlaumu muuzaji kwamba anatuuzia maharagwe yaliyochanganyika.

Hilo la mikono daktari alikwisha kutueleza, kwamba ugonjwa huu hula kwanza mambo ya karibuni na kuyaacha ya zamani kwa muda mrefu, na kwamba kazi ambayo mikono imeizoea inaweza kudumu hata baada ya majina ya watoto kupotea. Mama alijifunza kushona katika fwaye ya kambi, kituo cha mafunzo ya wanawake, kama wake wengine wa wafanyakazi. Wakati aliponiita mimi "Yaya", akiniona kuwa dada yake mkubwa, hakuweza tena kutunga uzi katika sindano. Lakini nikimtungia mimi, alipinda ukingo wa kitambaa na kutarizi maua yake ya njano bila kusitasita, akanikaripia kwamba mshono wangu ni wa mwanamke mvivu. Nilikubali kuwa dada mkubwa na nilikubali kuwa mvivu. Vile vitambaa vya meza ninavyo vyote.

Justin, saa 1:50 jioni
Salamu kwenu nyote, na kwa heshima ya Mama Mdogo. Mimi ni mkwe, lakini naomba mpira usisahauliwe. Tarehe 8 Novemba 2015, TP Mazembe ilipoifunga USM Alger ya Algeria mabao mawili kwa bila na kuchukua kombe la klabu bingwa Afrika, kelele za uwanja wa Kamalondo zilifika hadi barazani kwetu. Mama mkwe aliuliza ni nani wanaocheza. Nilipomjibu kwamba ni Mazembe, alisema hawajui watu hao. Nikamwambia kwa jina la zamani la klabu hiyo, "Ni Englebert, Mama." Hapo alisimama, akakaza kitenge chake, akaanza kucheza pale pale, huku akisimulia kombe la mwaka 1967, alipokuwa na mtoto wa kwanza mgongoni, ambaye bila shaka ni mke wangu.

Alisisitiza kwamba Wagana wa Asante Kotoko waliogopa wakakataa kuja. Nilidhani anachanganya mambo, nikaenda kuuliza wazee, nao wakathibitisha: fainali zote mbili zilikwisha kwa sare, ukapangwa mchezo wa tatu, na Kotoko haikufika uwanjani. Hilo la woga ni lake mwenyewe. Jioni ile ile hakukumbuka kama amekula.

Didier, saa 2:20 usiku
Nimesoma yote. Habari ya maharagwe sikuijua.

Basi nami niseme ya kwangu, kwa kuwa jioni zilikuwa zangu. Jua lilipoanza kuzama, Mama alikuwa akipatwa na wasiwasi, akikusanya nguo zake katika mfuko na kutaka kwenda kupanda treni ya Bukama. Kumfungia lango kulimfanya alie na kugonga mabati, hivyo nilichukua mfuko ule, tukatoka pamoja, tukazunguka kwa nyuma ya kanisa, tukafika kwenye benchi la muuza makaa, ambaye alikwisha kuzoea kuwa mkuu wa stesheni. Nilimwambia kwamba treni imechelewa, na katika Kongo hii hakuna mtu, mzima wala mgonjwa, awezaye kulitilia shaka neno hilo. Tulikaa pale tukila karanga mpaka wasiwasi ulipomtoka, kisha yeye mwenyewe akapendekeza tulale kwanza nyumbani na kurudi kesho.

Kwenye benchi lile aliniita "Tata", kwa sababu inasemekana nina paji la uso la baba yake. Alinikumbusha jinsi nilivyokausha samaki wa Lualaba juu ya moshi, jinsi mtumbwi wangu ulivyopinduka katika matete nikarudi nyumbani bila wavu, jinsi nilivyomficha mwanangu Albertine asipigwe na mama yake. Babu huyo alikufa kabla sijazaliwa, na Mama alipokuwa mzima hakupata kunisimulia hata nusu ya hayo.

Mama Mdogo Suzanne, saa 2:31 usiku
Habari ya mtumbwi ni ya kweli. Tulikula mboga tupu mwezi mzima.

Na kuhusu majirani, Didier, nami niliyasikia. Mwanamke mzee akionekana usiku barabarani akizungumza peke yake, watu hawamwiti mgonjwa, humwita mchawi, na jina hilo limewaua wengine. Ndiyo maana nilimkalisha langoni kila jioni kabla yako wewe kumchukua, amevaa vizuri na nywele zimesukwa, awasalimu wapitao na kuwaulizia watoto wao, hata kama aliwauliza mara tano. Watoto walikuja kupokea posho ya maharagwe, na mama zao wakaja kuwatafuta watoto, wakaketi. Mtu aliyekwisha kuketi na mgonjwa na kucheka naye hawezi kwenda kumsema vibaya kwa urahisi. Nataka hilo lisomwe, na wale waliosema walisikie.

Odette, saa 2:40 usiku
Basi nitaliandika, bila kutaja jina la mtu. Didier, unakubali miaka hiyo iingie?

Didier, saa 2:46 usiku
Nakubali, na ukurasa nitausoma mimi, mradi usiandike popote kwamba Mama alikuwa kichaa. Andika kwamba aliugua ugonjwa wa kusahau. Ila sehemu ya Englebert aisome shemeji Justin. Nusu ya kwaya ni mashabiki wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe, na sitaki kuzomewa kanisani siku ya misa ya mama yangu.

Justin, saa 2:49 usiku
Nitaisoma, tena nitaisoma polepole.