Mrejesho: kipimo cha kinyesi cha mtoto wa mbwa

Niliuliza kwa nini kipimo hakikuonyesha minyoo ilhali tumbo la mtoto wa mbwa limevimba. Sababu: kilitumika kinyesi kidogo mno, kilichopakwa tu kwenye kioo. Kipimo kilirudiwa kwa gramu 5 za kinyesi kipya kilichochanganywa na maji ya sukari yaliyokolea, kikazungushwa kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) dakika 5, kisha kioo chembamba kikaachwa juu ya mchanganyiko dakika 10 ili mayai yanayoelea yanate. Mayai ya toksokara (minyoo mviringo wa utumbo wa mbwa) yakaonekana wazi: mviringo, kahawia iliyokolea, ganda nene lenye vishimo.

Angalizo kubwa: kwa hadubini, mayai ya ekinokokasi (tegu mdogo wa mbwa) hayatofautishwi na ya tegu wa jamii ya Taenia, hapo ombeni PCR (kipimo cha vinasaba). Na kwa watoto wa mbwa msisubiri majibu, dawa ya minyoo huanza wiki ya 2, kwani huambukizwa wakiwa tumboni mwa mama.