Ukoo wa Bibi: amelala au amelegea?

[20:12] Da Mkubwa: Jamani habari za jioni. Kibonge anaumwa toka jana, anaharisha na kutapika na homa ipo, mama yake kanipigia hapa analia. Naomba kila mtu aseme kitu sio kusoma na kupita

[20:13] Da Mkubwa: Mama Kibonge andika mwenyewe, anza toka mwanzo

[20:19] Mama Kibonge: Shikamooni wakubwa. Jana asubuhi aliamka anaharisha maji matupu nikasema litapita, mchana akaanza kutapika, usiku joto likafika 38.9 nikampa parasetamoli ya maji likashuka, leo limepanda tena nimempa tena, sasa hivi ni 37.6 na amelala toka saa kumi ndo nikaona nisubiri kesho

[20:21] Mjomba: Meno hayo. Miezi 14 magego yanatoka. Nyie wote mliharisha hivyo hivyo

[20:22] Kitinda: Kibonge kaanza diet mapema 😂

[20:22] Mama Pacha: 😂😂

[20:23] Da Mkubwa: Kitinda sitaki utani kwenye hili. Na Mjomba shikamoo, lakini meno hayaleti 38.9 na kutapika siku nzima

[20:24] Mjomba: Marahaba. Nimelea watoto sita mimi

[20:25] Mama Pacha: Mjomba uliwalea au ulikuwa safarini 👀

[20:25] Kitinda: 🏃🏾‍♂️🏃🏾‍♂️

[20:26] Da Mkubwa: TUMUONGELEE MTOTO. Mama Kibonge amekojoa mara ngapi leo?

[20:29] Mama Kibonge: Sijui dada. Pampasi zote zina maji ya kuharisha siwezi kutofautisha, ila toka saa nane hii aliyovaa ni kavu kabisa

[20:30] Mjomba: Si umeona, kuhara kumekata. Na joto limeshuka. Mwacheni apumzike, kama bado kesho mtafutieni dawa ya kufunga tumbo

[20:31] Da Mkubwa: Mtoto hapewi dawa ya kufunga tumbo Mjomba. ORS unampa?

[20:33] Mama Kibonge: Nilimpa kikombe akanywa chote kwa pupa akatapika chote, nikaogopa kumpa tena

[20:34] Da Mkubwa: Sio kikombe kwa mara moja mdogo wangu, kijiko kimoja kimoja, akitapika unasubiri dakika 10 unaanza tena taratibu zaidi. Ziwa asinyimwe. Baba Kibonge yuko wapi?

[20:35] Mama Kibonge: Zamu ya usiku, simu wanaziacha getini

[20:36] Da Mkubwa: Kundi lina watu 23 wanaoandika ni wanne. Tiki za bluu naziona

[20:40] Mama Pacha: Sasa niseme. Mimi nilipompeleka Pacha Kulwa usiku ule mlisema nini humu ndani? Mkaniita mama presha, wengine mpaka leo mnaniita hivyo hivyo. Gari la nani lilikataa kuwaka ghafla tunalijua. Leo mnaulizana tufanyeje

[20:41] Mjomba: Betri ilikuwa imekufa kweli, nimeshaeleza hilo jambo

[20:42] Mama Pacha: Asubuhi ikafufuka ikaenda msibani

[20:43] Kitinda: hilo gari nalo linahitaji dripu 😂😂

[20:44] Da Mkubwa: Mama Pacha una haki yako na siku ile mimi mwenyewe nilikosea, nitakuja nyumbani kwako tuongee. Sio leo. Shangazi yuko wapi? Mwenye namba yake ya pili ampigie sasa hivi

[20:58] Shangazi Nesi: Simu ilikuwa kwenye chaji nimesoma zote. Mama Kibonge swali moja kwanza. Huyo mtoto amelala au amelegea?

[20:59] Mama Kibonge: Amelala Shangazi, shikamoo. Katulia tu

[21:01] Shangazi Nesi: Marahaba mwanangu. Mwamshe. Washa taa, mkalishe, muite jina lake, mpe ziwa uone anavyolishika. Mtoto aliyelala ukimuamsha anakasirika, anakutazama, anataka kubebwa. Aliyelegea anafumbua macho anafumba tena kama hakujui. Kushuka kwa joto kusiwadanganye, parasetamoli inashusha joto haiondoi kilicholeta joto, na mtoto wa kuharisha anaweza kuwa hana joto kabisa na bado akawa anatuponyoka kwa kukaukiwa maji. Alafu mbane ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu, uachie, uone inarudi upesi au inabaki imesimama. Alafu mfunue kifua akiwa ametulia halii, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Dakika nzima, sio nusu ukazidisha

[21:02] Mjomba: Shangazi unamtisha mtoto wa watu

[21:03] Shangazi Nesi: Namtisha kaka, ndiyo

[21:11] Mama Kibonge: Kafumbua kafumba. Ziwa kavuta mara mbili kaacha, mdomo mkavu. Macho yamezama sikuwa nimeona kwa sababu chumba kilikuwa na giza. Ngozi inarudi pole pole nimehesabu kama sekunde tatu. Pumzi 46

[21:12] Shangazi Nesi: Akishapita mwaka, pumzi 40 na kuendelea ni za haraka. Na ngozi ikipita sekunde 2 maji yamepungua vibaya. Huyo sio wa kusubiri kesho. Anatakiwa dripu usiku huu, hospitali sio duka la dawa

[21:12] Mama Kibonge: Lakini hajapata degedege Shangazi

[21:13] Shangazi Nesi: Usisubiri degedege mwanangu. Kushindwa kunyonya inatosha, kutapika kila kitu inatosha, kulegea inatosha. Moja tu kati ya hizo ningekwambia utoke

[21:14] Da Mkubwa: Haya. Usafiri. Mjomba uko karibu nao

[21:16] Mjomba: Mi naona wajaribu ORS saa moja hivi kwanza, usiku huu hospitali utamkuta daktari gani, kukipambazuka ndo

[21:19] Bibi: Ni mimi bibi ananiandikia mjukuu. Mwaka ule na sisi tulisema kukipambazuka

[21:19] Bibi: Mtoeni mtoto humo ndani

[21:24] Mjomba: Nimesikia mama. Natoka

[21:25] Mama Pacha: 🙏🏾

[21:26] Kitinda: Samahanini kwa utani. Mama Kibonge nikutumie hela ya kuanzia?

[21:27] Da Mkubwa: Tuma usiulize. Mjomba gari linawaka?

[21:27] Shangazi Nesi: Beba kadi ya kliniki na chupa ya hiyo dawa waone umempa kiasi gani na saa ngapi. Njiani kama anameza mpe ORS kwa kijiko. Kama hamezi usimlazimishe atapaliwa. Mfunike kawaida usimzongeshe manguo. Ukifika usikae foleni kimya, mwambie wa kwanza unayemkuta mtoto amelegea na hanyonyi, kwa maneno hayo hayo

[21:30] Mama Kibonge: Sawa Shangazi. Mikono inatetemeka nashindwa kufunga mkoba

[21:30] Shangazi Nesi: Acha mkoba. Beba mtoto

[21:33] Da Mkubwa: Mjomba?

[21:35] Kitinda: Nimempigia anasema anatoka getini

[21:36] Da Mkubwa: Atumie lokesheni. Mama Pacha utamchukua dada yake Kibonge alale kwako?

[21:41] Mama Pacha: Nitamchukua. Ila saa 12 asubuhi natoka kazini mtu awe ameshafika kumpokea, na simaanishi saa 12 na nusu

[21:42] Da Mkubwa: Nani atakuwepo saa 12? Andikeni jina

[21:49] Da Mkubwa: Jamani

[21:52] Mama Kibonge: Tuko kwenye gari. Kafumbua macho akanitazama kidogo. Nampa kijiko anameza

[21:53] Shangazi Nesi: Endelea kuongea naye

[21:55] Da Mkubwa: Bado saa 12 hakuna mtu. Na Baba Kibonge, nani anaenda getini kazini kwake kumwambia?