Wakili aliyetetea haki za mashoga akipendekezwa kuwa jaji: hofu ya upendeleo ipimwe vipi?

Mtaka_Kujua

Wakuu, naomba ufafanuzi kwa wanaofuatilia mambo ya mahakama za India. Wakili Saurabh Kirpal wa Delhi, ambaye hafichi kwamba ni shoga na ana mwenzi wa kiume, alipendekezwa na Mahakama Kuu ya Delhi tangu Oktoba 2017 awe jaji. Novemba 2021 majaji wakuu wa Mahakama ya Juu wakaafiki. Novemba 2022 serikali ikalirudisha jina. Januari 2023 majaji wakalipeleka tena, na safari hii wakaziweka hadharani sababu za serikali.

Sababu zilikuwa mbili: mwenzi wake ni raia wa Uswisi, na yeye mwenyewe amezama mno katika kutetea haki za mashoga, kiasi kwamba huenda akaegemea upande akiwa kwenye kiti.

Hiyo ya uraia naielewa hata kama siikubali. Ya pili ndiyo inayonisumbua, kwa sababu serikali haikusema "hafai kwa kuwa ni shoga", ilisema tatizo ni uharakati. Kisheria hayo ni mambo mawili, au ni jambo moja lililobadilishiwa nguo? Na majaji wakishalisisitiza jina, serikali ina njia gani ya kulikataa?

Bi_Nakala

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu utaratibu ndio umeamua shauri hili kuliko hoja zenyewe.

Ibara ya 217 ya Katiba ya India inasema Rais huteua jaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na majaji. Kwa hukumu za 1993 na 1998, "kushauriana" huko kukasomwa kuwa Rais anafungwa na maoni ya majaji. Hapo ndipo kolejiamu, yaani jopo la majaji waandamizi wanaopendekeza majaji, ilipopata nguvu. Jaji Mkuu wa Mahakama Kuu na wenzake wawili wanaomfuatia kwa ukubwa kazini huandika pendekezo. Faili hupita serikalini, idara ya upelelezi huchunguza, kisha Jaji Mkuu wa India na wawili wanaomfuatia hulipitisha au kulikataa. Likipita, hurudi wizara ya sheria na kupanda hadi kwa Rais. Serikali inaweza kulirudisha kwa sababu za maandishi. Kolejiamu ikilisisitiza, serikali inafungwa. Bunge lilijaribu kuuondoa mfumo huu kwa kuunda tume ya uteuzi, Mahakama ya Juu ikaifuta tarehe 16 Oktoba 2015, kura 4 kwa 1.

Ufa uko kwenye muda. Katiba haikuweka siku ya mwisho. Katika shauri la PLR Projects, 20 Aprili 2021, Mahakama ya Juu ilijaribu kuuziba: wiki 4 hadi 6 kwa idara ya upelelezi, wiki 8 hadi 12 kwa serikali kupeleka faili kwa kolejiamu, na wiki 3 hadi 4 za kuteua jina likishasisitizwa kwa kauli moja. Lakini faili ikilala mezani hakuna barua ya kukataa ambayo mtu angeipinga mahakamani. Mwaka 2023 uliisha Kirpal hajaapishwa. Na kumbuka jaji wa Mahakama Kuu India hustaafu akiwa na miaka 62, na ukubwa wake kazini huhesabiwa tangu anapoteuliwa. Kila mwaka wa kusubiri unamshusha ngazi na kumpunguzia nafasi ya kuwa jaji mkuu wa mahakama yoyote. Huko ni kukataliwa bila mtu kulazimika kuandika neno "hapana".

Kuhusu sababu zenyewe, tamko la kolejiamu la tarehe 18 Januari 2023, la majaji Chandrachud, Kaul na Joseph, linapaswa kusomwa mstari kwa mstari. Linataja barua mbili za shirika la ujasusi wa nje, ya 11 Aprili 2019 na ya 18 Machi 2021, kisha barua ya waziri wa sheria ya 1 Aprili 2021. Kuhusu mwenzi wanasema Uswisi ni nchi rafiki, wapo watu wenye vyeo vikubwa vya kikatiba ambao wenzi wao ni raia wa kigeni, na hakuna kokote kwenye barua za ujasusi panapoonyesha kwamba mwenendo wa mtu huyu unagusa usalama wa taifa. Kuhusu mwelekeo wake wa kimapenzi wanasema kutouficha ni jambo la kumpa sifa, na kumkataa kwa hilo kungekwenda kinyume na misingi ya Katiba.

Kuna pia kajambo ambako wengi hawakaoni: wanaandika kwamba ingekuwa busara asingezungumza na vyombo vya habari kuhusu sababu za jina lake kurudishwa. Kisha wanaongeza kwamba lisihesabiwe dosari, kwa vile jina lilikuwa limekaa zaidi ya miaka mitano. Sentensi hiyo inaonyesha kwamba walimkagua na mwenendo pia, hawakumbeba tu.

Mzani_Sawa

Bi_Nakala ameeleza vizuri, ila naona mjadala unaelekea kuifanya hoja ya serikali kuwa chuki tupu. Hoja ya uharakati ina msingi wake kwenye sheria, na anayeipuuza atashindwa kuijibu.

Mfano mkubwa ni wa Pinochet. Mwishoni mwa 1998 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, Baraza la Malodi, iliamua kwa kura 3 kwa 2 kwamba dikteta huyo wa zamani wa Chile hana kinga. Ikaja kugundulika kuwa Lord Hoffmann, mmoja wa wale 3, alikuwa mkurugenzi na mwenyekiti wa kampuni ya hisani iliyo chini ya Amnesty International, na Amnesty ilikuwa imeruhusiwa kuingia kwenye shauri hilo. Uamuzi ukafutwa na kusikilizwa upya na jopo jingine. Hakuna aliyethibitisha kwamba Hoffmann alipendelea. Uhusiano wenyewe ulitosha.

India nayo, katika Ranjit Thakur ya 1987, Mahakama ya Juu ilisema jaji asijiulize "je, ninapendelea?" bali atazame mawazo ya mtu aliye mbele yake. Kirpal alikuwa wakili wa waleta maombi katika Navtej Johar, shauri lililoondoa kosa la mapenzi ya jinsia moja kwa watu wazima tarehe 6 Septemba 2018. Baadaye akasimama tena kwenye mashauri ya ndoa za jinsia moja. Mjibu maombi anayekuta jaji huyo kwenye shauri la aina hiyo ana haki ya kuwa na wasiwasi, na wasiwasi huo hauhusiani na nani analala na nani.

Kalamu_ya_Pwani

Mzani_Sawa, Pinochet umeitaja vema, ila isome tena: inakuangukia wewe.

Hoffmann hakuponzwa na kuamini haki za binadamu. Aliponzwa na cheo ndani ya chombo kilichofungamana na mshiriki wa shauri lililokuwa mbele yake. Na dawa haikuwa kumwondoa ujaji, ilikuwa kufuta uamuzi mmoja. Yeye aliendelea kukaa kwenye kiti kwa miaka mingi. Sheria ya upendeleo hupima jaji huyu, katika shauri hili, kati ya pande hizi. Ukiichukua ukaiweka mlangoni pa uteuzi, unamhukumu mtu kwa mashauri elfu ambayo hayajafunguliwa, na mengi yatahusu mikataba, kodi na dhamana.

Novemba 1999, katika shauri la Locabail, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliandika waziwazi yasiyoweza kuwa msingi wa kumpinga jaji: dini, kabila au taifa la asili, jinsia, umri, tabaka, mali na mwelekeo wa kimapenzi. Kanuni za Bangalore za mwenendo wa majaji, zilizokamilishwa The Hague mwaka 2002, nazo zinautaja mwelekeo wa kimapenzi miongoni mwa mambo yasiyo na uzito mbele ya kiti cha hukumu.

Sasa swali la Mtaka_Kujua, kama uharakati na utambulisho ni vitu viwili. Ni viwili, lakini ukifungua barua ya waziri utaona vimeshonwa pamoja. Inasema kosa la jinai limeondolewa, lakini ndoa za jinsia moja bado hazitambuliwi na sheria ya India, kisha ndipo inaingia kwenye mapenzi yake kwa haki za mashoga. Hakuna shauri linalotajwa, hakuna chama anachokiongoza, hakuna kauli aliyoitoa ya kuahidi hukumu fulani. Hofu ya upendeleo isiyo na shauri wala upande wa pili haipimiki.

Mlinganisho wa karibu zaidi uko California. Mwaka 2010 Jaji Vaughn Walker alifuta marufuku ya ndoa za jinsia moja. Alipostaafu akasema ana mwenzi wa kiume wa miaka 10. Waliotetea marufuku wakaomba hukumu ifutwe, na walijihadhari kama serikali ya India: hatusemi ni kwa kuwa ni shoga, tunasema ana uhusiano na huenda akataka kufunga ndoa. Jaji James Ware alikataa ombi hilo tarehe 14 Juni 2011. Alieleza kwamba jaji kuwa na sifa ileile ya kundi linaloguswa na sheria si maslahi ya kumwondoa, kwani haki ya kikatiba ni ya umma wote. Mahakama ya rufani ilimuunga mkono 2012. Fikiria upande wa pili: waliotetea marufuku walidai ndoa za mke na mume zitadhurika. Basi jaji aliyeoa naye ana maslahi. Angebaki nani wa kuhukumu?

Jaji Constance Baker Motley wa Marekani, mwanamke mweusi aliyekuwa wakili wa harakati za haki za kiraia, aliombwa kujitoa katika shauri la ubaguzi wa kijinsia mwaka 1975. Jibu lake lilikuwa kwamba kama asili, jinsia au rangi ya jaji inatosha kumwondoa, hakuna jaji wa mahakama ile angeweza kusikiliza shauri hilo. Na huyo alikuwa mwanaharakati hasa.

Kwa anayetaka kupima jina kwa haki, faili lifunguliwe hivi. Kwanza, amewahi kuwa wakili katika mashauri gani ambayo bado yanaendelea? Hayo atajitoa, bila mjadala. Pili, ana cheo, hisa au malipo kutoka kwa chombo kinachofungua mashauri? Akiache kabla ya kiapo na akitaje. Tatu, amesema hadharani kwamba ataamua hivi shauri lililo njiani? Hapo ndipo pagumu kweli, na hapo ningemuunga mkono anayepinga. Zaidi ya hayo, Jaji Mkuu wa Mahakama Kuu ndiye hupanga nani asikilize nini. Delhi ina nafasi 60 za majaji. Mashauri ya ndoa yakimkwaza mmoja, yanakwenda kwa mwingine.

Bi_Nakala

Niongeze Afrika Kusini. Edwin Cameron alikuwa wakili wa harakati, mwasisi wa mradi wa kisheria wa watu wenye UKIMWI, na alikuwa hafichi kuwa ni shoga. Mwaka 1999 alitangaza mbele ya tume ya utumishi wa mahakama kwamba anaishi na virusi. Akakaa Mahakama ya Katiba kuanzia 2009 hadi 2019. Tofauti na Delhi ni kwamba alihojiwa hadharani. Mwenye shaka alimuuliza usoni, naye akajibu, na majibu yakabaki kwenye kumbukumbu. Hofu iliyoandikwa kwenye barua ya siri haina wa kuijibu.

Mtaka_Kujua

Asanteni sana. Na huku kwetu?

Mzani_Sawa

Kenya imepita njia zote mbili. Mwaka 2011 Willy Mutunga, mwanaharakati wa miaka mingi, alipohojiwa kuwa Jaji Mkuu aliulizwa kuhusu kipuli sikioni na uvumi juu ya maisha yake ya mapenzi. Akajibu, akapitishwa. Maswali yale yalikuwa ya aibu kwa waulizaji, lakini yaliulizwa wazi. Halafu 2019 tume ilipeleka majina 41 ya majaji kwa Rais Kenyatta. Yakakaa karibu miaka miwili kwa madai ya kiusalama na uadilifu ambayo umma haukuonyeshwa. Juni 2021 akateua 34 (mmoja alikuwa amefariki) na kuwaacha 6, walioteuliwa na Rais Ruto Septemba 2022. Ni ugonjwa uleule wa Delhi.

Tanzania, kwa ibara ya 109, Rais huteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, bila usaili wa hadharani.

Kalamu_ya_Pwani, nakubali kwamba barua ile haikutaja shauri hata moja, na hoja yangu haina nguvu bila shauri. Ila ninyi nanyi mseme kuhusu wakili mwingine wa India, Victoria Gowri. Alikuwa na historia ndani ya chama tawala na kauli kali dhidi ya Wakristo na Waislamu, na akaapishwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Madras tarehe 7 Februari 2023, wiki chache tu baada ya Kirpal kusisitizwa. Je, naye angezuiwa?

Kalamu_ya_Pwani

Kwa siasa zake peke yake, hapana. Wanasiasa wengi wamekuwa majaji wazuri. Kwa kauli dhidi ya dini za watu, ndiyo, hilo lilipaswa kuhojiwa, kwa sababu ni maneno kuhusu watu watakaosimama mbele yake kudai haki. Mahakama ya Juu siku ileile ilikataa kusikiliza pingamizi, ikisema ufaafu wa mtu ni kazi ya kolejiamu, na mahakama hupima sifa za kisheria tu. Weka majina mawili pembeni: la Gowri lilichukua wiki tangu kolejiamu ya Mahakama ya Juu ilipolipitisha, la Kirpal lilikuwa limeshamaliza miaka mitano tangu Delhi ilipolipendekeza, na yeye hakuna kundi la raia aliloonyesha kulidharau.