Mpiga picha wa harusi Mtwara: 350,000, 900,000 au 2,400,000 wa kutoka Dar?

MwanaMasasi (mwenye mada)

Wakuu, habari za jioni.

Naoa mwezi wa 11, Mungu akipenda. Jumamosi ndoa inafungwa Mikindani, nyumbani kwa kina binti, baada ya alasiri. Usiku tunaingia ukumbini Mtwara mjini, na kesho yake tunaondoka na bibi harusi kwenda Masasi kwenye walima. Bajeti ya kamati ni milioni 7. Zilizoingia mpaka leo ni 2,300,000, zilizobaki ni ahadi, na ahadi za huku kwetu mnazijua: "nikiuza korosho."

Kamati imegawanyika kwa sababu ya mpiga picha. Kuna kijana wa Chikongola anataka 350,000, picha mnato tu, siku moja, anatupa picha kwenye flashi na albamu ndogo. Kuna studio ya hapa mjini imetaja 900,000, watu wawili, picha na video, Jumamosi tu. Masasi tuwaongeze 250,000 na usafiri. Halafu mchumba wangu ana wake wa Dar anayemfuatilia Instagram siku nyingi, huyo ni 2,400,000, nauli na pa kulala juu yetu. Shemeji yangu naye anasema tusihangaike, simu yake mpya inatosha.

Mimi roho yangu iko kwenye 350,000. Mchumba hajajibu meseji zangu toka jana. Mliooa na kuolewa huku kusini, mlilipa ngapi na mkapata nini? Naomba kuwasilisha.

Kuchele_Damu

2,400,000 kwenye bajeti ya milioni 7? Wageni utawapakulia picha kwenye sinia?

DadaShangani

Kuchele acha utani, mwenzio hajajibiwa meseji.

Kaka, mimi nimeolewa hapahapa Mtwara. Tulimlipa mtu 400,000. Picha zake za mchana nzuri, sina la kusema. Kasheshe ilianza usiku. Tulikubaliana "siku ya harusi", kumbe kila mtu alikuwa na siku yake kichwani. Kwangu mimi siku inaisha tukishatoka ukumbini. Yeye ilimwishia saa 3 usiku, akafunga begi lake akaondoka, ana sendofu nyingine inamsubiri. Keki tumekata saa 4 na nusu. Picha ya keki ninayo moja, kaipiga binamu yangu, na aliyetoka vizuri humo ni MC.

Sikumlaumu sana baadaye. 400,000 yetu ilikuwa ya saa sita na sisi tulitaka kumi na mbili. Muulize huyo kijana wa Chikongola anafika saa ngapi na anaondoka saa ngapi, na hizo saa ziandikwe kwenye karatasi, asaini yeye na asaini mtu wa kamati.

LenziYaKusini

Niseme mapema kwamba hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo mnisome mkijua nakula humu humu.

Mteja anahesabu saa alizoniona nimesimama. Hazioni siku nne au tano za kompyuta baada ya hapo. Harusi moja narudi na picha 1,500 hadi 2,000, nazichuja zibaki kama 400, halafu nasawazisha rangi moja baada ya nyingine. Video ni kazi mara mbili ya hiyo. Wa 350,000 si lazima awe mbovu. Mara nyingi ni kijana anayetafuta jina, na wengine wana jicho kuliko sisi wazee wa kazi. Ila muulize kamera ngapi, betri ngapi, na kama kamera yake inaingiza kadi mbili kwa pamoja. Kadi mbili maana yake kila picha inaandikwa mara mbili palepale, moja ikiharibika nyingine ipo. Mwenye kamera moja na kadi moja anaomba Mungu tu. Anaweza kuomba miaka mitano na isitokee kitu, lakini harusi yako hairudiwi.

Hiyo studio ya 900,000 nao waulize: anayekuja ni nani? Ofisini wanakuonyesha kazi za bosi, siku ya siku anatumwa kijana wa juzi. Na usikubali kuonyeshwa picha 20 kali kutoka harusi 20. Omba harusi moja nzima, kuanzia asubuhi mpaka ukumbini. Hapo ndipo utaona usiku anafanyaje kwenye kumbi zetu zile za taa za zambarau.

Lingine: mwezi wa 11 huku ni msimu. Minada ya korosho ikianza mwezi wa 10, fedha zikiingia, kila mtu anaoa. Mpiga picha mmoja Jumamosi moja anashika mbili. Kwa hiyo la DadaShangani si bahati mbaya, ndiyo kalenda ilivyo.

Halafu mkuu, ndoa baada ya alasiri Mikindani, na nina hakika mnataka picha za ufukweni. Mwezi huo jua linazama saa 12 na dakika 20 hivi, na likishazama giza haliombi hodi. Mshenga akichelewa, shehe akichelewa, mkatoka saa 11 na nusu, za ufukweni zimeota mbawa hata kama mpiga picha umemtoa Paris. Mkiwahi, simameni bahari iwe nyuma yenu. Pwani yetu jua linazama upande wa bara, kwa hiyo jioni linawapiga usoni taratibu na bahari inabaki na rangi yake. Mchana msithubutu, jua liko utosini, macho yote yanakuwa mashimo. Kama ni lazima mchana, ingieni chini ya mwembe au mkorosho mkubwa, katikati kabisa ya kivuli, msisimame pale panapopenya vimwanga vya majani. Nimeshaona bwana harusi ana madoa kama chui.

Kuchele_Damu

Lenzi hiyo ya chui 😂 na wewe bei yako ngapi?

LenziYaKusini

Sijaja kutafuta kazi, mkuu. Na Jumamosi zote za mwezi huo zimejaa.

SimuInatosha

Mimi nimefunga ndoa Nachingwea kwa simu tatu za marafiki na tumejiridhisha. Mke wangu kachagua 60, tumezisafisha, zipo ukutani. Fedha ya mpiga picha tumenunulia godoro na friji, na friji linagandisha mpaka leo. Onyo moja tu: msikusanye picha kwa kutumiana WhatsApp kawaida, inazibana mpaka ukizisafisha kubwa zinatoka ukungu. Zitumeni kama dokumenti au zihamishwe kwa waya.

DadaShangani

Ya kwako ilikuwa mchana, wa hapa ana ukumbi usiku. Simu na taa za zambarau haziivi chungu kimoja.

BiMkubwa_Lindi

Wanangu, nimesoma mpaka hapa na wote mnasimulia nje tu. Uwanjani, ufukweni, ukumbini. Ndani je?

Ndoa ni ya Kiislamu, ya Mikindani. Ijumaa binti anasingwa, anapakwa hina, shangazi zake na somo yake wamo, wamejifunga kanga moja, vichwa wazi. Jumamosi anapambwa. Hivyo vyumba mwanaume na kamera yake haingii, awe wa 350,000 au wa Dar. Binti yangu alipoolewa tulilipia vizuri tu, tena mtu hodari, na picha za upande wetu zinaanzia pale bibi harusi anapotoka mlangoni, kajifunika. Yaliyofanyika siku mbili ndani, kicheko chote kile, hakuna. Marehemu dada yangu alikuwemo humo ndani, na hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yake ya mwisho kukaa na sisi. Sina picha yake ya siku hiyo hata moja.

Siku hizi mabinti wanaopiga picha wapo. Hapa Lindi namjua mmoja, anakuja mpaka Mtwara, ni kilomita 100 na ushee tu. Mtafuteni wa namna hiyo, hata kama ni kwa saa chache. Na muandikishane kwamba picha za ndani haziendi mtandaoni na yeye habaki nazo akishawakabidhi. Hilo msilifanyie haya.

Na mwanangu MwanaMasasi, umesema roho yako iko kwenye 350,000. Roho ya mwenzio iko wapi? Usitafute jibu humu, nenda ukamuulize.

Mnewala_wa_Mbagala

Mimi ndiye niliyemtoa mtu Dar, kwa hiyo nisikilizeni. Harusi ilikuwa Newala. Bei aliyotaja ilikuwa 2,000,000. Alikuja na msaidizi, nauli ya wawili kwenda na kurudi, vyumba viwili siku tatu (siku ya kufika, siku ya shughuli, siku ya kuondoka), chakula, na gari la kuwazungusha. Nilipojumlisha ilikuwa 2,700,000 na chenji. Tena alitaka fedha yote kabla hajapanda basi. Wa huku ukimwambia nusu iliyobaki baada ya mnada, anakuelewa, maana na yeye ana shamba.

Picha ni kali, nisidanganye. Mke wangu mpaka leo anaziweka kwenye profaili. Lakini kuna kitu kinaniuma. Sisi Wamakonde, na Wayao, Wamakua na Wamwera nao ni hivyohivyo, asili yetu ukoo ni wa upande wa mama, na harusini mjomba ndiye mwenye kauli. Jamaa wa Dar hilo hakulijua, na mimi sikumwambia. Kamfuata baba siku nzima, baba kwenye kiti, baba anakula, baba anacheka. Mjomba aliyesimamia kila kitu tangu posa yupo kwenye picha mbili, na moja kakatwa sikio. Wa Chikongola asingekosea hapo. Ukimchukua wa mbali, mpe mtu wa nyumbani wa kutembea naye na kumnong'oneza: huyu mjomba, huyu bibi mzaa mama, yule mzee usimpite.

Sijutii fedha, mke kafurahi. Ila kwa bajeti ya milioni 7 yenye 2,300,000 mkononi, mimi nisingefanya.

MwanaMasasi

BiMkubwa shikamoo, umenisema mpaka nimeona aibu. Mnewala, la mjomba umenigusa, mjomba wangu ndiye mwenyekiti wa kamati!

Swali dogo: studio inasema tukiongeza 150,000 wanaleta droni irushwe Mikindani, ichukue ghuba na majumba ya zamani. Inafaa?

LenziYaKusini

Waulize kwanza kibali. Droni hairushwi kama kishada, lazima iwe na ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Wakianza kujikunja, achana nayo. Hata wakiwa nacho, droni itakupa dakika moja nzuri ya ghuba, na nyinyi humo mtakuwa kama sisimizi. Hiyo 150,000 ningelipia saa mbili zaidi ukumbini.

Kuchele_Damu

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na mtu mwenye maslahi.

MwanaMasasi

Wakuu, narudi na mrejesho.

Jana nilipanda daladala mpaka Mikindani, nikakaa na mchumba na mama yake. Nikamuuliza alichopenda kwa yule wa Dar ni nini hasa. Akafungua simu, akanionyesha picha kama kumi. Zote mikono yenye hina, wanawake wanacheka, bibi mmoja anafunga kilemba mbele ya kioo. Hakuna ukumbi hata mmoja. Mimi miezi yote nilijua anataka ufahari.

Nikampigia BiMkubwa inboksi, akatuunganisha na yule dada wa Lindi. Anakuja Ijumaa jioni na Jumamosi mpaka bibi harusi anatoka, 300,000, nauli ndani yake, atalala kwa shangazi wa mchumba. Studio tumewaondolea video na ile albamu kubwa, wameshuka mpaka 650,000 kwa mtu mmoja, kamera mbili, kuanzia saa 9 alasiri mpaka saa 6 usiku. Tumetaja jina la anayekuja kwenye karatasi. Kianzio 300,000, Jumamosi asubuhi 200,000, na 150,000 tukishakabidhiwa picha. Jumla zote mbili ni 950,000. Kijana wa Chikongola nilimpenda, lakini ana kamera moja na jioni ile ana shughuli nyingine saa 2.

Ndoa tumeivuta, inafungwa mara tu baada ya sala, shehe kakubali, mshenga kaapa. Masasi Jumapili itakuwa simu ya shemeji. Walima ni mchana, na yeye kafurahi kupewa cheo.

Mjomba nimempa jukumu la kutembea na mpiga picha na kumwonyesha wazee. Kauliza kama yeye mwenyewe atapigwa na nani.

BiMkubwa_Lindi

Marahaba mwanangu. Mama yake binti mwambie namsalimu, na huyo dada mpikieni, hali samaki wa maganda.

SimuInatosha

950,000 ni friji na nusu, lakini hongera.

Pwani_ya_Ligula

Samahani naingilia. Huyo dada wa Lindi Jumamosi ya pili ya Disemba ana nafasi? Sisi ni Chuno, shughuli ya ndani siku moja tu.